Mzigo Uko Njiani

Simu ililia padri akiwa katikati ya kuumiminia mvinyo mkate wa sikukuu. Radmila Karaklajić aliibana ndani ya mfuko wa aproni kama mama anayemziba mtoto mdomo kanisani, lakini simu haina adabu, ikalia tena. Mama mkwe wake, bibi Stamena, alimtupia jicho. Mumewe Miljojko, aliyekuwa anauzungusha mkate pamoja na padri, aliupoteza wimbo. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yao tangu enzi za mababu, na siku hiyo katika nchi yetu nusu ya watu wanakaribisha wageni na nusu nyingine ndio wageni. Hakuna mwenye akili timamu anayepiga simu ya kazi. Aliyepiga lazima awe mtu wa nje.

Alikuwa mtu wa nje kweli.

"Bibi Radmila, hapa Leitgeb," ilisema sauti ya mwanamke kutoka Graz, Austria, Radmila alipokwisha kujifungia jikoni kati ya sufuria ya maharage na sinia la samaki. "Lori lenu lilitakiwa kufika kwangu alfajiri. Wafanyakazi wangu wamesimama tu. Liko wapi?"

"Nakupigia sasa hivi, bibi. Dakika moja tu."

Dakika moja! Alimpigia Srboljub, wakala wa usafirishaji wa pale mjini Požega, ambaye ndiye aliyekabidhiwa mzigo juzi, rasiberi zilizogandishwa, tela zima, limefungwa kwa sili ya forodha. Srboljub alipokea huku anatafuna.

"Heri ya sikukuu, Radmila! Mzigo uko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani, njiani. Ushaingia Hungaria."

"Sehemu gani ya Hungaria? Mnunuzi anataka kujua."

"Mwanamke wewe, lori si ng'ombe kwamba nilifunge kengele." Alicheka. "Umepiga deki miaka sita hotelini Austria, umejifunza Kijerumani cha ndoo na fagio, basi unadhani biashara ya kimataifa ni kupiga simu kila saa. Tuachie wenye kazi yetu. Mzigo ukifika, utaambiwa."

Radmila alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Tusi la ndoo na fagio alikwisha kulizoea, halikumwuma. Kilichomwuma ni kwamba hakuwa na la kumwambia Leitgeb. Alimpigia akamwambia Hungaria, na alipokuwa anatamka neno hilo alijisikia mwongo.

Huo ulikuwa mzigo wao wa kwanza kwenda nje ya nchi kwa jina lao wenyewe. Miaka yote walimuuzia mwenye ghala kubwa la baridi, bwana mmoja anayetangaza bei mavuno yakishaisha, na wakulima bonde zima huisikia kama washtakiwa wanavyosikia hukumu. Mwaka huu Radmila alikataa. Aligandisha matunda yao na ya jamaa zao katika ghala dogo nyuma ya nyumba, akamtafuta Leitgeb kupitia watu aliofanya nao kazi hotelini. Mzigo ukifika mzima, Graz itachukua na mwakani. Ukikataliwa, wote watarudi kwa bwana yule wamefyata mkia, na safari hii hata bei hatawatajia. Atawaambia washukuru.

"Nani huyo?" Miljojko alichungulia mlangoni, mkononi chupa ya rakija, pombe kali ya matunda.

"Graz. Lori halijafika, na Srboljub hajui liko wapi."

"Amesema hajui?"

"Amesema liko njiani. Ni kitu kimoja."

Miljojko alikuna shingo. Alikuwa mwanamume mpole, mwepesi wa kazi, mzito wa ugomvi. "Radmila, mke wangu, tukimuudhi Srboljub nani atatupakilia mwakani? Leo ni sikukuu. Kesho tutauliza."

"Kesho rasiberi zitakuwa uji."

"Basi ongea taratibu. Padri bado yupo."

*

Kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, hakuna anayealikwa. Anayekumbuka siku anakuja, na anayekuja hafukuzwi, hata kama ulimshitaki mahakamani wiki iliyopita. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa, baada ya padri kuondoka, mlango ulipofunguka akaingia Srboljub mwenyewe, koti la ngozi, theluji mabegani na chupa ya mvinyo kwapani. Alichota kijiko cha ngano ya baraka, akapiga ishara ya msalaba, akambusu Miljojko mara tatu na kumpongeza kwa siku yake.

"Nimesema nije mwenyewe," alitangaza kwa meza nzima, "maana bibi huyu ana wasiwasi. Wasiwasi ni ugonjwa. Dawa yake ni samaki na rakija."

Watu walicheka. Radmila aliweka sahani mbele yake.

"Dereva amekuambia nini leo, bwana Srboljub?"

"Dereva gani?"

"Wa lori letu."

"Anaendesha. Mtu akiendesha hapigi soga."

"Umeongea naye lini?"

Bibi Stamena aligonga meza kwa kidole kimoja. "Mkwe wangu. Mgeni anakula."

"Namuuliza tu, mama."

"Siku ya Nikola mgeni haulizwi kitu. Analishwa."

Srboljub alimwinamia bibi kizee kwa shukrani na kujisogezea samaki mnono. Miljojko, ambaye kwa mila yetu kama mwenye nyumba haruhusiwi kukaa chini siku nzima, alisimama nyuma ya viti na chupa yake, anamimina, anatabasamu, na shingo imemtoka jasho. Nasema kweli, hakuna fedheha kama hiyo: kumnywesha kwa mkono wako mtu aliyeshika riziki yako na hajui ameiweka wapi. Simu ilitetemeka tena kwenye aproni. Radmila hakuhitaji kuitazama.

Hapo ndipo alipoingia Vidoje, kum wao, yaani aliyesimamia ndoa yao, mtu ambaye siku hiyo huzungukia slava nne na kufika ya mwisho akiimba. Hii ilikuwa yake ya pili, kwa hiyo alikuwa bado anatembea. Suruali ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Kum, umekuja kwa kuogelea?" Miljojko alimuuliza.

"Nyamaza! Natoka kwa Obrad, kule Grab, naye anasherehekea leo. Kaegesha lori kwenye kichochoro chake, kubwa kuliko kanisa! Gari halipiti, mkokoteni haupiti. Wageni wote tumeacha magari chini barabarani, tumepanda kwenye theluji kama mbuzi. Na lori lenyewe limechorwa bwege mmoja wa ndege, yule wa kwenye barafu, amevaa skafu nyekundu."

Kijiko cha mtu kiligonga sahani. Kilikuwa cha Tijana, binti wa Radmila, ambaye juzi wakati wa kupakia alimcheka ndege huyo mpaka akakaa chini.

"Mama," alisema. "Ni pengwini wetu."

Kutoka meza ile hadi kwa Obrad ni dakika ishirini kwa gari.

Watu wote walimgeukia Srboljub. Uso wake ulikuwa umebadilika, na hapo Radmila aliona jambo lililomtia hasira kuliko uongo wenyewe: yule mtu alishtuka kweli. Hakuwa ameficha kitu. Alikuwa amempa kazi dereva wa mji wa Čačak, yule wa Čačak akalikabidhi tela kwa Obrad kwa bei nafuu zaidi, na Srboljub hakujishughulisha kuuliza. Alipokuwa anasema Hungaria, aliitoa hewani tu.

"Pengwini wako wengi," Srboljub alisema, akijipangusa mdomo.

"Twende tukamwone huyu," alisema Radmila, akitoa simu mfukoni na kuvua aproni.

"Radmila!" Bibi Stamena alisimama. "Katika nyumba hii, tangu nimeolewa, mgeni hajawahi kufukuzwa siku ya Nikola. Hata wakati wa vita."

"Simfukuzi, mama. Namsindikiza. Bwana Srboljub anakwenda slava nyingine, na mimi namsindikiza njiani. Kuna mila inayokataza?"

Bibi kizee alimtazama mkwewe, akamtazama yule wa koti la ngozi na samaki wake nusu. Alifikiri kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyokuwa lazima. Kisha akachukua chupa ya mvinyo aliyoileta Srboljub mwenyewe, akamkabidhi Radmila.

"Huendi kwenye slava ya mtu mikono mitupu," alisema.

*

Obrad aliwapokea Radmila, Tijana, Srboljub na Vidoje aliyerudi, kwa furaha kubwa kabisa. "Karibuni, karibuni! Ninyi wengine siwajui, lakini karibuni!" Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, shati jeupe limefungwa hadi kooni, na kama Miljojko, alikuwa amesimama na chupa. Radmila alichota ngano, akapiga ishara ya msalaba, akampa mvinyo, akamwambia, "Heri ya sikukuu, mwenye nyumba." Akasubiri ameze. Kisha akasema, "Lori lako hapo nje limebeba mzigo wangu."

Obrad alimwangalia, akamwangalia Srboljub nyuma yake, akaiweka chupa chini.

Walitoka. Tela lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, pengwini anatabasamu, na kilichomtia Radmila baridi haikuwa theluji. Kilikuwa kimya. Mashine ya ubaridi, ile inayopaswa kunguruma usiku na mchana, ilikuwa imezimwa.

"Umezima saa ngapi?"

"Asubuhi, padri alipokuja." Obrad alikuwa anajipapasa mifuko ya suruali kana kwamba jibu limo humo. "Ilikuwa inapiga kelele pale pale chini ya dirisha. Padri anaimba, mashine inanguruma, mama yangu akasema ni dhambi. Nikazima. Halafu, halafu wageni. Lakini mama, huku nje kuna barafu! Nje ni baridi kuliko friji!"

"Nje ni nyuzi tano chini ya sifuri. Rasiberi zinataka kumi na nane."

"Sikuambiwa."

"Uliambiwa nini?"

"Niliambiwa nilichukue tela Čačak, nilifikishe Graz wiki hii. Basi. Nikaona Nikola ni leo, nyumba iko njiani, nifanye slava yangu, jioni niondoke. Ningejua kuna mtu anasubiri..." Akajipapasa mifuko tena. "Hata jina lako sijui, mama."

Radmila alipanda kwenye ngazi ya chuma mbele ya tela, akafuta theluji kwenye kioo kidogo cha kipimajoto. Hasi kumi na mbili. Hiyo ilikuwa hewa ya ndani. Matunda yenyewe, katikati ya katoni, huenda yalikuwa salama bado, huenda hayakuwa. Hakuna aliyeweza kujua, maana milango ilikuwa na sili ya forodha, na anayevunja sili kabla ya Graz ameua mzigo kwa mkono wake mwenyewe. Obrad, kwa nia njema, alikuwa tayari ameshika koleo.

"Acha!" Radmila alipiga kelele. "Usiguse hapo. Washa mashine."

Ilinguruma. Ilikuwa sauti mbaya na Radmila aliisikiliza kama wimbo.

Srboljub alimshika kiwiko, akamvuta pembeni. Sauti yake sasa ilikuwa ya asali. "Radmila, dada yangu, tusikilizane. Litapoa. Jioni linavuka mpaka. Kile kidude cha ndani kinachotunza kumbukumbu ya joto, vidude huharibika, unanielewa? Mimi nitakishughulikia. Graz watapima, watakuta sawa, kila mtu atakunywa kahawa yake."

"Na wakikuta si sawa?"

"Basi utasema hukujua. Na ni kweli, hukujua."

Waliokuwa pale, Vidoje, Tijana, Obrad, mama yake Obrad na shali yake mlangoni, wanasema Radmila hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mwezi wa sita niliinama kwenye mistari ile ya rasiberi mpaka nikasahau kusimama. Kila tunda limepita kwenye vidole vya jamaa zangu. Mabovu tulitoa, mazima tukagandisha. Najua kila katoni imetoka shamba la nani. Halafu wewe unachukua vyote hivyo, unaviweka gizani, na zawadi unayonipa mimi ni kutokujua? Niishike hiyo? Nijifiche nyuma yake? Sitaki, bwana Srboljub. Nimekataa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yako ni fupi mno, mtu anaimaliza kwa miguu akitoka kula samaki."

Akatoa simu.

"Usipige," alisema Srboljub, na sasa ilikuwa amri.

Alipiga. Kwa Kijerumani chake cha ndoo na fagio, akiwa amesimama kwenye theluji na viatu vya sikukuu, alimwambia Leitgeb kila kitu: kwamba lori halikuwa Hungaria wala halijawahi kufika Hungaria, kwamba liko kijijini Grab, mashine ilizimwa tangu asubuhi, hewa ya ndani imepanda hadi hasi kumi na mbili, sili ni nzima, mashine sasa inafanya kazi. Kwamba asubuhi alimdanganya, kwa sababu naye alikuwa amedanganywa.

"Kwa nini unaniambia haya?" aliuliza Leitgeb. "Ningeweza kukataa mzigo sasa hivi."

"Unaweza. Lakini ukiukataa, ukatae unachokijua. Mimi pia nataka kujua ninachokataliwa."

"Uletwe," alisema Leitgeb. "Tutapima ndani ya matunda, si hewa. Zilizo chini ya hasi kumi na tano nachukua, na tunaendelea na mwakani. Za katikati zikiwa na joto kuliko hapo, zote zinarudi, na hatujuani. Na nani ataniambia ukweli kutoka hapo hadi hapa? Yule wakala wako?"

Radmila alimtazama Srboljub, ambaye alikuwa anakung'uta theluji kwenye koti lake. Akamtazama Obrad, aliyekuwa anavua shati jeupe mbele ya watu na kuvaa sweta la kazi, machozi yamemlenga kwa aibu. Akautazama mlango wa kabini.

"Mimi," alisema. "Nakuja nao."

Alimpigia mumewe. Kutoka kwenye simu zilisikika nyimbo na vyombo. Miljojko alikuwa bado amesimama, bado anamimina.

"Umemwambia ukweli wote?" aliuliza.

"Wote."

"Radmila, tumekwisha."

"Labda. Lakini tutajua tumekwisha saa ngapi na wapi. Mtume mtu na pasipoti yangu."

Mumewe alivuta pumzi. Mtu alimwita amuongezee rakija, naye kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwambia mgeni asubiri. "Nakutumia na buti zangu," alisema. "Hivyo viatu vyako vitakuua."

*

Obrad aliendesha vizuri, hilo ni lazima lisemwe. Walipofika mpakani ghafla akaanza kusimulia: watu wanaompa kazi hawamwambii kamwe kilicho ndani, wala cha nani, wala kinahitajika lini. Mwaka mzima anaburuta milango iliyofungwa. "Ukibeba kitu usichokijua, mama, unaanza kuamini hakina kitu."

Kila waliposimama Radmila alishuka na buti za mumewe zilizomzidi, akapanda ngazi, akapiga picha kipimajoto, akaituma Graz pamoja na jina la mahali. Hasi kumi na tano. Hasi kumi na nane. Hasi ishirini. Walinzi wa mpaka walimuuliza ni nani katika lori hili, maana hayumo kwenye karatasi yoyote, akawajibu kwamba ni mwenye mzigo. Srboljub alituma ujumbe kwamba kwa kitendo hiki hakuna wakala hata mmoja wa Požega atakayewagusa tena. Radmila aliusoma kwa sauti, Obrad akasema anawajua madereva wanaotafuta kazi, tena wanaopokea simu.

Ghala la Graz lilikuwa jeupe, safi, lenye watu waliovaa makoti manene na wasio na haraka ya kusalimia. Leitgeb alikuwa mrefu na mkavu, mikono mifukoni. Alimtazama Radmila kuanzia gauni la sikukuu hadi kwenye buti, akampa mkono. Mtu wa forodha alikata sili. Mpimaji akaingia na kifaa chake, sindano ndefu ya chuma yenye kioo cha tarakimu, akaichoma katoni ya kwanza karibu na mlango. Akaivuta, akageuza mgongo, akaanza kuandika.

"Nionyeshe," alisema Radmila.

"Utapata ripoti, bibi. Wiki ijayo."

"Nionyeshe."

Mpimaji alimwangalia Leitgeb. Leitgeb akaitikia kwa kichwa. Mpimaji akageuza kioo.

"Hasi kumi na tatu," Radmila alisoma kwa sauti, kwa Kijerumani, kisha kwa lugha yetu ili Obrad asikie. Ilikuwa safu ya matunda ya shemeji yake. "Hizi zimekufa. Weka kando."

Safu yote ya mlangoni ikawekwa kando, na hakuna aliyembishia. Kisha mpimaji akaingia ndani zaidi, katikati ya tela, mahali palipobeba kila kitu kilichobaki, akatoboa katoni, akachoma sindano, akasubiri. Obrad alikuwa amefumba macho. Mpimaji akaivuta, akaitazama, na kwa mazoea tu mkono wake ukaenda kwenye kalamu. Radmila aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

Mpimaji alishusha pumzi, akamgeuzia kioo.

"Hasi kumi na saba," alisema Radmila, na mara hii alisema kwa sauti ya kufika hadi nje uwanjani. Akauondoa mkono.

"Sasa andika."